Malata ya Nyumba Moja ni ya Nani?

Katika Musonoi nzima, pale karibu na Kolwezi, hakuna mtu aliyeuliza maswali kama Mama Agnès. Aliuza kapenta, wale samaki wadogo wakavu. Ukimwuliza bei, yeye anakuuliza kwanza: "Unapikia nani? Beko watu bangapi? Na yule mugonjwa wa jana, alipona?" Wanasema siku moja alimwuliza bubu njia ya kwenda Kapata, na bubu akajibu. Anayebisha aende akamwulize huyo bubu.

Nyumba ya Agnès ilikuwa na vyumba vitatu. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma. Juu kulikuwa na malata thelathini na sita, yaani mabati ya kufunika nyumba. Zamani, kila adhuhuri, baruti ililia ndani ya shimo la mgodi. Malata yote thelathini na sita yaliitika: ngwaaa! Hapo Agnès alijua ni wakati wa kuweka maji ya bukari, yaani ugali, kwenye moto.

Halafu kazi ya mgodi ikaanza kufa. Mwaka wa tisini na mbili baruti ililia mara moja kwa juma. Mwaka wa tisini na tatu ikanyamaza. Musonoi nzima ilichelewa kula, kwa sababu hakuna aliyewaambia saa. Feza nayo iliugua. Noti zilijaa sifuri. Mtu akienda kununua chumvi, furushi la noti lilikuwa zito kuliko chumvi yenyewe.

Agnès aliishi na mama yake mzee, ambaye kifua chake kilikuwa kibaya. Mvua ikimgusa, anakohoa juma zima. Katika chumba cha tatu alikaa mpangaji, mwalimu mmoja, Tata Henri.

Na Kalonji? Kalonji alikuwa bwana wa Agnès, na tena hakuwa bwana wake. Waliishi pamoja miaka minane. Hawakwenda kwenye ofisi kuandika ndoa. Kalonji hakumaliza kutoa mali, yaani mahari, kwa wazazi wa Agnès. Alileta mbuzi mmoja tu, naye alikonda hata kivuli chake kilimpita unene. "Inayobaki itakuja," alisema Kalonji. Miaka minane haikuja.

Kisha waligombana. Kalonji alijitwika godoro lake, akaenda kukaa Kapata kwa dada yake Tina. Mwaka mmoja na nusu ukapita. Siku hiyo ya kuachana hakuna aliyeuliza: nyumba sasa ni ya nani? Hata Agnès hakuuliza. Maajabu!

Ikafika miezi mibaya. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, jimbo la Kolwezi. Waliambiwa: rudini kwenu. Kalonji alikuwa wa asili hiyo, lakini alizaliwa Kolwezi. Baba yake pia alizaliwa Kolwezi. Kasai aliijua kwa jina tu. Lakini majirani waliokuwa wakimwomba nyundo walianza kumwangalia kwa pembeni. Familia nyingi zilikimbilia kwenye mashule na kwenye gare, kungojea treni.

Asubuhi moja Agnès alikuwa anapepeta kapenta. Akasikia miguu juu ya nyumba. Msumari ukaanguka ndani ya sufuria: kling!

Agnès akatoka mbio. "Nani eko kule juu?"

"Ni mi, Kalonji."

"Unafanya nini juu ya nyumba yangu?"

"Nyumba yako wapi? Malata ni yangu. Nilinunua mimi. Minabeba malata yangu, naenda nayo Kasai. Kule nitafunika nyumba na nini? Na kitambaa?"

"Na mama je? Mvua iko inaanguka kila siku! Kifua yake haukijue?"

Kalonji akajikuna kichwa. Alimpenda yule mama mzee. "Mama atabaki na matofali," alisema kwa sauti ndogo.

"Matofali inafunika mutu?"

Kabla hajajibu, akafika mjomba Ngoy, ndugu mdogo wa mama yake Agnès. Mjomba Ngoy alikuwa na pua ya ajabu. Ugomvi ukianza mbali kule Tenke, yeye anasikia harufu yake akiwa Musonoi.

"Shuka!" akapiga kelele. "Wewe haukutoa mali! Ulileta kambuzi ka mifupa! Mutu hakutoa mali, hana kitu mu hii nyumba. Na tena banakufukuza. Bintu byako byote bimebaki hapa, bimekuwa byetu." Kisha akamgeukia Agnès, akapunguza sauti. "Mutoto wangu, niko na mutu anataka kununua. Anatoa velo."

"Velo? Nyumba nzima kwa baiskeli moja?"

"Iko na lampe."

Agnès akaangalia juu, akaangalia chini. Mmoja anataka kubeba paa. Mwingine anataka kuuza kilicho chini ya paa. Na mama yake alikuwa ndani, anakohoa. Agnès alikuwa na hasira, lakini ule ugonjwa wake wa kuuliza ulikuwa na nguvu kupita hasira.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Nyiye wawili munasema sana. Lakini nani anajua kweli? Kalonji, usitoe musumari mwingine. Twende kwa Mama Mbelu."

Mama Mbelu alikuwa karani wa tribinali, yaani mahakama, kwa miaka ishirini. Alikuwa ameandika maneno ya kesi nyingi kuliko nywele za kichwa chake. Lakini Mama Mbelu naye alikuwa wa asili ya Kasai. Hakuwa tena tribinali. Alikuwa kwenye gare, amekalia godoro, siku ya kumi na moja sasa.

"Treni ikifika mbele yetu?" aliuliza Kalonji.

"Basi shuka mbio," alisema Agnès.

Kwenye gare watu walikuwa wengi, na vitu vyao: vitanda, sufuria, kuku ndani ya vitunga. Mzee mmoja alikuja na mlango wa nyumba yake. Aliusimamisha katikati ya watu, akakaa nyuma yake. Kila mtu aliyepita alipiga hodi kwanza.

Mama Mbelu aliwapokea vizuri. "Yambo, mama. Geuza ile sufuria, ukae. Munataka nini kwa mutu asiye na ofisi?"

Agnès akaeleza. Kalonji akaeleza. Mjomba Ngoy akaeleza mara tatu. Watu waliongojea treni hawakuwa na kazi nyingine, basi wakasogea karibu, wakawa kama baraza lenyewe.

"Muliandika ndoa?" aliuliza Mama Mbelu.

"Hapana," walijibu wote wawili.

"Basi sheria ya mali ya bwana na bibi haiwahusu. Hamuko bwana na bibi mbele ya sheria."

Mjomba Ngoy akapiga makofi. "Nilisema!"

"Tata, sijamaliza. Kuna jambo ingine. Watu wawili wakitafuta kitu pamoja, kitu ni ya bote wawili. Hata kama ni kaka na dada. Hata kama ni marafiki. Hata kama bameachana na habasalimiane tena. Kila mutu iko na sehemu yake, sawa vile alitoa. Mali ya kuoa ni maneno ya ndoa. Haiseme nani alinunua nini."

"Lakini huyu banamufukuza!" alisema mjomba Ngoy.

Mama Mbelu akamwangalia kutoka juu ya godoro lake, siku ya kumi na moja. "Na mi banafukuza, tata," alisema. "Kufukuza mutu haiandike jina ya mwingine mu karatasi yake."

Mjomba Ngoy akaangalia viatu vyake, kama mtu anayeviona mara ya kwanza.

Kalonji akafurahi. "Basi sehemu yangu ni malata! Acha nirudi, nikatoe."

"Weye pia, kaa," alisema Mama Mbelu. "Shati yako nani alishona?"

"Mushonaji wa Kapata."

"Uzi ni ya nani?"

"Uzi ilikuwa yake."

"Kesho anaweza kuja kuvuta uzi yake, aseme anakubakizia kitambaa tu?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja akashika shati lake kwa mikono miwili, kama mshonaji yuko njiani.

"Malata ilikuwa yako ilipokuwa dukani," alisema Mama Mbelu. "Ilipopanda juu ya ukuta imekuwa nyumba. Hauna sehemu yako juu, na Agnès yake chini. Muko na sehemu mu nyumba nzima, toka musingi mpaka musumari. Sasa tujue ni sehemu gani. Agnès, ulitoa nini?"

"Nilinunua parsele, kiwanja ya kujenga. Na milango, na madirisha. Nilitoa feza, zaire elfu..."

Alipotaja hesabu, gare nzima ikaangua kicheko. Feza ile leo isingenunua hata kijiti cha kiberiti, kile kisicho na kichwa.

"Tuache feza, imekufa," alisema Mama Mbelu. "Tutahesabu na malata. Siku ile ulilipa parsele, lata moja ilikuwa bei gani? Lakini nani anaweza kukumbuka?"

"Mi nakumbuka!" alisema Agnès.

Bila shaka alikumbuka. Juma lile aliuliza bei ya lata katika kila duka la Kolwezi, bila kununua hata msumari mmoja. Mwenye duka la mwisho alipomwona anakuja, alifunga na kusingizia kilio. Agnès akataja bei zote, duka kwa duka. Parsele ilikuwa sawa na malata ishirini na manne. Milango na madirisha, malata kumi na mawili.

"Jumla thelathini na sita," alisema Mama Mbelu. "Na weye, Kalonji?"

"Malata thelathini na sita."

"Na matofali?"

Agnès na Kalonji wakaangaliana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Tulifanya wenyewe," alisema Kalonji. "Tulikanyaga udongo na miguu yetu. Huyu alikuwa anauliza kila tofali kama imekauka."

"Haikukauka," alisema Agnès. "Ulikuwa na haraka."

"Basi nusu kwa nusu," alisema Mama Mbelu.

"Na mbuzi?" aliuliza mjomba Ngoy.

"Mbuzi mulikula. Tuache mbuzi apumuzike. Sasa, toka muachane, nani alitengeneza nyumba?"

"Ni mi," alisema Agnès. "Upepo ulibeba malata sita. Nilinunua ingine sita, peke yangu."

"Kazi ya kulinda kitu ya bote inalipwa na bote. Kila mutu sawa na sehemu yake. Nusu ya sita ni tatu. Kalonji, uko na deni ya malata tatu."

"Aka!" Kalonji akaruka. "Lakini sikulala mule! Nililala Kapata!"

"Mvua ikiingia, ingeharibu nusu ya nani?"

Kalonji akafikiri. "Ya bote wawili," alisema polepole.

Hapo Agnès alikuwa ameshinda. Mtu mwingine angesema asante, akaenda nyumbani. Lakini swali lilimwasha ulimi kama pilipili. Alilimeza mara moja, likarudi. Alilimeza mara ya pili, likarudi na nguvu.

"Mama Mbelu... kitu ya bote ikizaa feza, ile feza ni ya nani?"

Kalonji akageuka. "Feza gani?"

"Nauliza tu."

"Agnès. Feza gani?"

"Tata Henri, mule chumba ya tatu. Alilipa miezi kumi. Kila mwezi bei ya lata moja. Nilikula."

"Aaaah!" gare nzima ikaitika. Mzee mwenye mlango akafungua mlango wake ili asikie vizuri.

"Malata kumi," alisema Mama Mbelu. "Nusu ni tano, za Kalonji. Toa zile tatu za upepo. Agnès, unabaki na deni yake ya malata mbili."

"Mama, ulimi yako imekutoza malata mbili!" alicheka mzee wa mlango.

"Nilitaka kujua," alisema Agnès.

Mama Mbelu akatoa daftari na kalamu. "Sasa nyumba. Njia ni tatu. Kwanza, muuze pamoja, mugawane. Ya pili, mumoja anunue sehemu ya mwenzake. Ya tatu, ibaki ya bote, lakini muandike namna gani."

"Kuna mutu na velo," alianza mjomba Ngoy.

"Tata, kaa na velo yako!" watu walimwambia kwa sauti moja.

"Kuuza leo ni kutoa bure," alisema Mama Mbelu. "Kila mutu anajua Kalonji anakimbia."

Kalonji akaangalia reli. Treni bado. Akaangalia mawingu yaliyokuwa yanakusanyika upande wa Musonoi. "Mama mzee alale pakavu," alisema. "Tuandike."

Mama Mbelu akaandika mara mbili, maneno yale yale. Nyumba ni ya Agnès na Kalonji, nusu kwa nusu. Agnès anakaa ndani na kuilinda. Feza ya kutengeneza ni juu ya wote wawili, na kazi kubwa wapatane kwanza. Mpangaji akilipa, nusu inawekwa kwa ajili ya Kalonji. Hakuna anayeweza kuuza, kubomoa wala kutoa kitu bila mwenzake kuweka jina lake.

"Na nikifa kule?" aliuliza Kalonji.

Hakuna aliyecheka. "Sehemu yako itaenda kwa watu wako," alisema Mama Mbelu. "Tuandike jina ya Tina, kusudi Agnès ajue nani wa kutafuta."

Mzee wa mlango akawa shahidi wa Kalonji. Mjomba Ngoy akawa shahidi wa Agnès. Aliweka kidole chake kwa uchungu, kama mtu anayekiweka kwenye jiko.

"Agnès, leo hii peleka karatasi yako kwenye ofisi ya serikali ya komine, baiandike mu kitabu yao," alisema Mama Mbelu. "Kalonji, yako funga mu plastiki, ikae mwilini. Na mukiulizwa na bengine, mubaambie hivi: bangeandika siku ile bananunua lata ya kwanza. Siku ile munapendana, kuandika ni kazi ya dakika kumi. Ona leo mumenikalisha asubuhi nzima."

"Ulikuwa na safari?" aliuliza Agnès.

Mama Mbelu akacheka hata machozi yakamtoka.

Walirudi Musonoi. Kalonji akapanda tena juu. Akapigilia misumari yote aliyokuwa ameing'oa. Kisha wakapatana: malata mawili ya lile deni yatoke upande wa mwisho wa baraza, mbali na kitanda cha mama. Mama mzee alimfungia kapenta ndani ya gazeti. "Utarudi lini?" alimwuliza, na Kalonji akajitwika malata yake mawili.

Treni ilifika siku tisa baadaye. Vagoni lao, yaani behewa, lilikuwa wazi juu. Mvua ilipoanza, Kalonji akafunga malata yake mawili kwenye kona. Chini ya malata hayo wakaingia Tina, watoto wake, na Mama Mbelu na daftari lake. Mama Mbelu aliwaandikia watu karatasi za nyumba walizoacha, mpaka wino ukaisha. Kalonji alisema baadaye kwamba watu ishirini na saba walijificha chini ya malata yale mawili. Hiyo ni hesabu ya Kalonji. Ukiondoa chumvi, wanabaki kama tisa.

Mwaka uliofuata mjomba Ngoy alileta mnunuzi, na safari hii mwenye feza nzuri. Mnunuzi alipita kwanza kwenye komine, akafungua kitabu. "Majina ni mawili," alisema. "Huyu Kalonji eko wapi?" Akaenda zake. Nyumba ikabaki, na mama mzee akaendelea kulala pakavu, mpaka siku zake zilipotimia, kitandani mwake.

Miaka kumi na miwili ilipita. Siku moja mtu mwenye mvi alisimama mbele ya baraza. Alikuwa na karatasi ndani ya plastiki.

"Kalonji!" alisema Agnès. "Ulikula? Treni iliharibika wapi? Tina eko? Mama Mbelu eko muzima? Na ile malata?"

"Nikae kwanza," alisema Kalonji. "Mama Mbelu eko Mwene-Ditu, kule Kasai. Anauliza kama uliacha kuuliza."

Agnès akamwingiza ndani. Kitanda chake kilikuwa kimepanda juu sana, hata mtu alihitaji kiti ili alale. Agnès akainua godoro. Chini yake kulikuwa na malata mapya, yamepangwa moja juu ya lingine.

"Feza ilikuwa inakufa kila mwaka," alisema. "Basi nusu yako ya feza ya chumba niligeuza malata. Tata Henri alilipa miezi thelathini tu, akahama: iko kumi na tano. Hesabu."

Kalonji hakuhesabu. Aligeuza sufuria, akakaa juu yake. Kisha akatoka nje, akainua macho. Upande wa mwisho wa baraza kulikuwa bado wazi, mahali pa malata mawili. Jua lilipita pale likaanguka chini.

"Agnès! Miaka kumi na mbili! Sababu gani haukufunika?"

"Karatasi inasema kazi kubwa tunapatana kwanza. Ningepatana na nani?"

Kalonji akacheka mpaka akashika nguzo. Akachukua malata mawili kutoka chini ya godoro, akapanda juu, polepole kwa sababu ya magoti. Alipofika, akanyoosha mkono.

"Leta misumari!"

Agnès akasimama chini na kikopo cha misumari. Hakukinyoosha.

"Hii misumari nilinunua mi," alisema. "Tunaandika namna gani?"

Kule juu Kalonji akakaa juu ya malata. Halafu sauti yake ikashuka:

"Leta kalamu kwanza."